Mawe Yanayoachwa na Malori

Ukitoka Morogoro kwenda Iringa kwa pikipiki, jifunze kusoma majani kabla hujajifunza kuovateki. Lori likiharibika kwenye barabara hii, utingo anashuka na panga, anakata matawi ya mti wowote ulio karibu na kuyatupa kwenye lami mafungu kwa mafungu: la kwanza mbali, la pili karibu kidogo, la tatu nyuma ya tela kabisa. Pembetatu za kuakisi mwanga wanazo, trafiki huzikagua, lakini nyingi hukaa ndani ya kabini zikiwa safi, maana ukiziacha barabarani zinakanyagwa au zinapata mwenyewe mwingine. Majani hayaibiwi. Dereva yeyote kati ya Dar na Tunduma, awe Mtanzania, Mzambia au Mkongomani, akiyaona anajua kuna gari limekufa mbele, anapunguza mwendo.

Akimaliza majani, utingo anatafuta mawe. Makubwa, ya kubeba kwa mikono miwili. Anayasukumia nyuma ya matairi lori lisirudi kinyumenyume, na penye mlima anaongeza mengine. Fundi anaitwa, spea inaletwa na basi kutoka mjini, kazi inakwisha saa nane za usiku. Dereva anawasha, utingo anarukia kabini, wanaondoka. Mawe yanabaki pale pale, kwenye mstari wa magurudumu, upande wetu wa kushoto.

Kwa hiyo mimi naangalia rangi. Majani mabichi maana yake lori bado lipo. Majani yaliyokauka maana yake lori limeshaondoka lakini jiwe huenda halijaondoka. Mwenye gari dogo akiona majani makavu anaongeza mwendo, na simlaumu, kwake hatari imekwisha. Sisi wa magurudumu mawili ndiyo kwanza tunatakiwa tuanze kutafuta.

Nauza mbegu na dawa za mimea. Wateja wangu wametawanyika kwenye barabara hii ya TANZAM, ile ya Tanzania kwenda Zambia: Melela, Doma, Mikumi, kwenye vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, halafu ukimaliza kupanda Kitonga unafika Ilula kwenye nyanya. Mzigo wangu ni boksi moja nyuma ya pikipiki ya cc 150, na gari la ofisi halijawahi kuonekana, kwa hiyo barabara naijua kwa matako na kwa viganja. Ninachotaka kusema hapa ni kimoja tu, kilichobaki ni maelezo yake. Tunazungumzia jiwe, kipande cha tairi au gunia lililodondoka kana kwamba vimeshuka kutoka mbinguni. “Bahati mbaya,” tunasema, tunachangishana, tunazika. Lakini karibu kila kitu kinacholala kwenye lami kina mwenyewe. Kilidondoka kwa mtu au kiliwekwa na mtu, na mahali kinapodondokea si pa kubahatisha. Ukijua vinatoka wapi unajua pa kuvitegemea, na hapo huhitaji kuwa na macho ya mwewe wala mikono ya mwanasarakasi.

Wenzetu wa ndege walijifunza hili kwa gharama kubwa. Tarehe 25 Julai 2000, Concorde ya Air France ilianguka muda mfupi baada ya kuruka Paris, wakafa watu 113. Wachunguzi wa Ufaransa walifuatilia mpaka wakafika kwenye ukanda wa chuma usiofika nusu mita, uliodondoka kwenye ndege nyingine iliyotangulia kuruka kwenye njia ile ile. Tairi liliukanyaga, likapasuka, kipande cha mpira kikarushwa kwenye bawa lenye tangi la mafuta. Viwanja vya ndege vina watu wa kukagua njia kila siku kwa sababu ya mambo kama hayo. Barabara kuu ni ndefu mno kwa ukaguzi wa namna hiyo. TANROADS, wakala wa barabara, wanafyeka, wanaziba mashimo, wanachora mistari, ila hakuna atakayepita Melela kila baada ya saa moja kuangalia kama kuna mtu kaacha jiwe. Mkaguzi ni wewe unayepita.

Tuanze na mpira wa tairi, maana ndiyo unaoonekana kuliko vyote. Niliwahi kuinua ukanda mmoja uliokuwa umelala katikati ya njia karibu na Doma. Nilidhani nitautupa kwa mkono mmoja. Nikalazimika kutumia miwili na kuuburuta. Ulikuwa na urefu unaonizidi, upande mmoja una kashata za tairi bado nzima, upande wa pili umechanika, na pembeni kote zimechomoza waya nyembamba za chuma zinazochoma kiganja. Kitu hicho ukikikanyaga kwa tairi la mbele katika mwendo wa 80, hakitulii chini. Kinanyanyuka. Kinaweza kuingia kati ya tairi na madigadi, kujikunja kwenye shokapu, au kukupiga mguu.

Watu husema ni matairi yaliyovishwa mpira upya, na ni kweli mengine ndiyo hayo. Lakini hata tairi jipya litabanduka likiendeshwa na upepo pungufu. Upepo ukipungua, tairi linabonyea zaidi kila linapozunguka, kubonyea huko kunazaa joto, joto likizidi mpira unaachana na nyuzi zake. Kwenye semi, matairi ya nyuma yako mawili mawili. Moja likiishiwa upepo, jirani yake analibeba, na dereva huku mbele hana habari mpaka lianze kupasuka. Mzigo ukiwa mzito na jua la saa saba likiwa kwenye lami, usishangae.

Mwenye pikipiki anapata taarifa mapema kuliko mtu yeyote, kwa sababu hana kioo cha kumtenga na barabara. Tairi linaloanza kubanduka linapiga makofi, tap-tap-tap inayokwenda na mwendo wa gurudumu. Linanuka mpira ulioungua. Wakati mwingine unaona moshi mwembamba chini ya tela. Ukisikia hivyo uko nyuma ya lori, usijipe ushujaa wa kulipita upande ule ule wa tairi bovu. Rudi nyuma, rudi sana, liache lipasuke likiwa peke yake.

Na likishapasuka kabla hujafika, barabara inakupa habari kwa mpangilio. Kwanza utakuta vipande vidogo, saizi ya kiganja, vimetawanyika. Mbele kidogo vinakuwa vikubwa. Halafu ukanda wenyewe. Halafu, kama dereva alisimama, majani, na baada ya majani tela. Kwa hiyo ukiona vipande vidogo vyeusi usiseme “afadhali ni vidogo”. Vikubwa havijafika.

Mizigo nayo ina mahali pake pa kudondokea. Kamba haikatiki kwenye lami iliyonyooka, inakatika pale gari linaporushwa. Angalia mita chache baada ya rasta, vile vituta vidogo vya mfululizo, na baada ya tuta. Ndipo utakuta kipande cha mbao ya Mafinga, viazi, vigae, mfuko wa saruji uliopasuka, mkaa. Lumbesa ndiyo mbaya zaidi: gunia limejazwa likapita mdomo wake, likashonewa kilemba juu, likapandishwa kwenye Fuso ambayo tayari imefika urefu wa nyumba. Kilemba kikichanika, vitunguu vinamwagika vikiviringika. Kitunguu kimoja hakikuangushi, lakini vikiwa mia moja kwenye kona huna pa kuweka tairi. Na kuna watoto watakaotoka vichakani kuvikimbilia, ambao ni hatari kubwa kuliko vitunguu wenyewe.

Ukikata kushoto pale Mikumi mjini kuelekea Kidatu, msimu wa kuvuna miwa, habari inabadilika tena. Matela ya miwa yanakwenda kiwandani yakiwa yamefurika, na kuanzia Kidodi na Ruhembe kuna miwa kwenye lami. Muwa uliolala kukatiza barabara, unavuka juu yake na kusahau. Muwa uliolala kufuata urefu wa barabara ndiyo wa kuogopa, kwa sababu tairi likiupanda linaubingirisha, na pikipiki inakwenda pembeni bila kukuuliza. Ile iliyokanyagwa ikasagwa nayo inaacha majimaji ya sukari juu ya lami, yanateleza yakiwa mabichi.

Ndani ya hifadhi ya Mikumi kuna aina nyingine: matawi yaliyovunjwa na tembo, na marundo ya kinyesi chao. Huko nako mwenyewe yupo, na kama rundo linatoa mvuke, hayuko mbali. Hapo shida si kuteleza tena. Punguza, usizime, usipige honi, angalia pande zote mbili. Nyani wanakaa pembezoni mwa lami kusubiri maganda wanayotupiwa kutoka kwenye mabasi, na kunguru wakikusanyika mbele ujue kuna mzoga. Kunguru wamenisaidia mara nyingi kuliko alama za barabarani.

Kuna jambo moja linanikera, na nitalisema. Pale Vigwaza, na kwenye mizani nyingine za barabara hii, lori linapimwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na madereva wanakiogopa kweli kweli, maana faini inauma. Ni jambo zuri, linalinda lami. Lakini lori lenye tani 40 na kamba iliyooza linapita likiwa halali kabisa, na lori la mchanga lisilo na turubai nalo linapita. Tunapima kile kinachoumiza barabara. Kinachomuumiza aliye nyuma ya lori hakina mizani. Ningekuwa na usemi, kila baada ya kupima mtu mmoja angezunguka lori akivuta kamba kwa mkono. Kazi ya dakika mbili.

Sasa wewe ukae wapi barabarani? Wengi hukaa katikati ya njia, nyuma ya gari, kwa sababu panaonekana pako wazi. Mimi napakimbia. Dereva wa gari akikutana na jiwe la wastani hakwepi, analipitisha katikati ya magurudumu yake na kuendelea na mazungumzo. Jiwe linatokea chini ya bampa yake likiwa zima, likikutazama wewe uliyekaa katikati. Fuata alama za matairi yake, la kulia au la kushoto. Pale alipopita yeye na tairi, kuna uwezekano mkubwa ni pasafi, na kama si pasafi utaliona gari lenyewe likiruka. Katikati ya njia ndiko pia kunakodondokea oili na dizeli za magari yanayovuja.

Mimi hupenda mstari wa kulia, karibu na katikati ya barabara, kwa kuwa unaniwezesha kuchungulia pembeni ya gari la mbele. Lori kubwa likija kutoka mbele nahamia kushoto, kwa sababu ya upepo wake. Ukingo wenyewe wa lami, pale bodaboda wengi wanapojificha wakiogopa mabasi, ndiko barabara inakofagilia kila kitu: mchanga, kokoto, misumari, chupa. Magari yanasukuma takataka pembeni siku nzima. Ukikaa pembeni umekaa jalalani. Najua kwa nini wanakaa huko, mabasi yetu hayana huruma, lakini walau ujue unachokichagua.

Umbali nao. Hesabu sekunde tatu kutoka gari la mbele lipite nguzo mpaka wewe uipite. Nyuma ya lori la mchanga au la kokoto, tano. Kwenye mwendo wa 80 unakula mita 22 kila sekunde, na kabla mkono haujafika kwenye breki sekunde moja na nusu imekwenda. Ukijumlisha kushtuka na kusimama, ni kama mita 70 za lami kavu, kwa breki nzima, bila abiria. Kwenye 50 ni nusu ya hapo. Usikae pia ubavuni mwa matairi pacha ya semi. Jiwe dogo hubanwa kati ya matairi mawili, likazunguka nayo kwa muda, siku likiachia linatoka kwa nguvu ya kupasua kioo cha gari. Mpite haraka au baki nyuma, usimsindikize.

Na usiangalie gari la mbele yako peke yake. Angalia la tatu na la nne. Gari likipinda kidogo mahali ambapo barabara haijapinda, na la nyuma yake likapinda pale pale, una sekunde kadhaa za kujiandaa ambazo wao hawakuzipata.

Pamoja na yote hayo, ipo siku kitu kitakuwa mbele yako na muda hakuna. Hapo adui wa kwanza ni macho yako. Ukiliangalia jiwe utalifuata. Hili si mambo ya imani, mtu yeyote aliyefundisha vijana kuendesha analijua: mkono unakwenda lilipo jicho. Tafuta nafasi tupu pembeni ya jiwe, itazame hiyo, sukuma usukani upande unaotaka kwenda. Nasema sukuma: ukitaka kulia, mkono wa kulia unasukuma mbele kidogo, pikipiki inalalia kulia. Ukishapita, sukuma wa kushoto inanyooka. Wengi wanafanya hivi bila kujijua, lakini kwenye hofu wanajaribu kuukata usukani kama wa baiskeli ya mtoto na pikipiki inakwenda kusikotakiwa. Nenda uwanja wa mpira asubuhi kukiwa hakuna watu, weka ndala chini, fanya mazoezi ya kuikwepa bila kuigusa breki.

Kukwepa lakini kuna bei yake. Mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa usalama barabarani ya AAA ya Marekani ilitoa hesabu ya ajali zilizohusu vitu vilivyo barabarani kati ya 2011 na 2014: zaidi ya ajali 200,000, na zaidi ya watu 500 waliokufa. Theluthi mbili hivi ya ajali hizo zilitokana na vitu vilivyodondoka kwenye magari yasiyotunzwa au mizigo isiyofungwa. Lililonishtua ni jingine: karibu asilimia 37 ya vifo vilitokea kwa mtu aliyekuwa anakwepa. Wale wana barabara pana kuliko zetu. Huku ukikwepa kulia, kuna basi la Mbeya linakuja. Ukikwepa kushoto kuna ukingo wa lami uliokatika, na shimo lake.

Kwa hiyo kuna wakati kukanyaga ni salama kuliko kukwepa, na kukanyaga kuna ufundi. Shika breki zote mbili kwa nguvu wakati bado uko mbali na kitu, pikipiki ikiwa imenyooka. Karibu kabisa ya kukifikia, achia breki, hasa ya mbele. Breki ya mbele inainamisha pua ya pikipiki na kubana shokapu zote. Ukigonga jiwe zikiwa zimebanwa hazina tena pa kukunjia, na pigo la jiwe linakwenda kwenye rimu moja kwa moja. Kiendee kitu kikiwa mraba mbele yako, si kwa mshazari. Simama kidogo kwenye vikanyagio, magoti yakunjwe, matako yarudi nyuma, usukani uushike bila kuukaba. Tairi la mbele linapogusa, ongeza mafuta kidogo tu liwe jepesi. Ukishavuka usisherehekee: simama pembeni, kagua rimu, spoku na upepo. Matairi ya pikipiki zetu nyingi yana tyubu, na tyubu ikitoboka upepo unaweza kutoka wote haraka. Dakika ya kukagua ni nafuu kuliko kugundua kwenye kona.

Usiku ni habari nyingine, na hapa sitazunguka. Jiwe la kijivu kwenye lami ya kijivu, kwa taa fupi ya pikipiki ndogo, mimi sina uhakika wa kuliona zaidi ya mita 40. Rudi kwenye hesabu ya juu uone mwendo unaoruhusiwa na mita 40. Ni 50, na si zaidi. Anayekwenda 80 usiku nyuma ya Mikumi anaendesha kwa kukariri barabara, na barabara ya kukariri haina jiwe la saa nane usiku. Majani nayo usiku hayana rangi. Wala usitegemee taa za gari linalokuja, zinakupofusha ndani ya zile mita unazozihitaji. Mimi giza likiingia nikiwa Ruaha Mbuyuni, nalala Ruaha Mbuyuni. Gesti ni bei ya tyubu mbili.

Siku moja nikinywa chai Mahenge, chini ya Kitonga, nilikaa meza moja na utingo wa lori la shaba lililokuwa linashuka kwenda bandarini. Nikamuuliza bila kumzunguka: “Mdogo wangu, mkiondoka mbona hamtoi mawe?”

Akacheka. “Braza, gari likiwa mlimani dereva akishapata gia hasimami mpaka tambarare. Mimi nikiinama kuokota mawe naachwa. Utanipa lifti wewe na boksi lako?”

Nikamwambia kuna malori yana kabari ya mbao iliyofungwa kamba kwenye chasisi. Lori likisogea, kabari inaburuzwa, unaivuta juu ukiwa unatembea. Anazijua. Alisema walikuwa nazo mbili, wakazikokea moto wa ugali walipokwama siku tatu mpakani.

Sikumlaumu, na tangu hapo nimeacha kuamini semina za kuelimisha matingo. Anajua jiwe linaua. Kinachokosekana ni kabari ya chuma isiyoungua, ambayo tajiri wa lori anaweza kuichongesha kwa fundi yeyote wa kuchomelea, na trafiki akaidai kama anavyodai kizimamoto.

Mpaka hilo litokee, mawe nayatoa mwenyewe pale ninapoweza. Mchana, sehemu iliyonyooka, ninapoonekana kutoka pande zote mbili. Pikipiki naitoa nje ya lami kabisa, taa na indiketa zikiwaka, naangalia nyuma, navuka, nasukuma jiwe kwa mguu badala ya kuinama. Kwenye kona siendi. Usiku siendi. Kona za Kitonga siendi hata ukinipa hela. Nikifika kijiji cha mbele nawaambia bodaboda wa kijiweni, nao wana namna yao ya kufikishiana habari haraka kuliko redio.

Kuhusu mavazi sina hotuba. Helmeti, na iwe na kioo cha mbele, maana kokoto inayorushwa na tairi haichagui jicho. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonesha helmeti inapunguza uwezekano wa kufa kwa ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kamba ya kidevu ifungwe, helmeti isiyofungwa ni kofia ya kutembelea. Viatu vya kufunika kifundo cha mguu, kwa sababu zile waya za tairi zinapenda sana hapo. Kandambili ziache nyumbani.

Mvua za kwanza za vuli zinahitaji neno moja. Oili, dizeli na vumbi la miezi yote ya kiangazi vinainuka pamoja, na dakika za mwanzo lami inateleza kuliko itakavyoteleza baada ya mvua kunyesha saa nzima. Ukiona rangi za upinde wa mvua kwenye maji ya mzunguko wa Msamvu pale Morogoro, pita ukiwa umenyooka, bila breki, bila kulala kwenye kona. Au kanywe chai kwanza.

Na abiria mweleze kabla hamjaondoka. Mimi nina maneno machache: ukiniona nasimama usinivute, shika chuma cha nyuma, na wewe nyanyuka kidogo. Kuna bibi mmoja, mama wa mteja wangu, nilimbeba kutoka Kidodi kwenda zahanati msimu wa miwa. Nilimweleza yote akaitikia “haya baba”. Tukafika penye miwa, nikasimama kwenye vikanyagio, tukavuka salama, nikakaa. Kimya kidogo, halafu akaniuliza, “Mwanangu, umemwona nani mpaka unamsimamia hivyo?” Nikamjibu ni muwa tu, bibi. Akasema muwa wenyewe wa kuiba kwenye tela la watu, usiusimamie tena, utauzoesha vibaya.